Kuandika riwaya fupi ya mapenzi ya Kikristo: marafiki wanaopendana, na mdogo aliyekulia kivulini mwa dada yake

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika riwaya fupi ya mapenzi ambayo mama mchungaji na binti anayesubiri kipaimara wanaweza kuisoma kwenye simu moja bila yeyote kati yao kuona haya. Mada ni mbili: marafiki wa muda mrefu wanaopendana, na binti ambaye tangu utotoni hutambulishwa kwa jina la dada yake.

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika kabla ya sentensi ya kwanza. Mwandishi huzipanga mada hizo mbili kama mistari miwili inayokwenda sambamba: sura hii ya penzi, sura ile ya dada. Matokeo yake ni hadithi mbili nyembamba. Kivuli cha dada ndicho kinachopaswa kulichelewesha penzi, na lazima kivunjike kabla mwanamume hajatamka neno. Ukimfanya mpenzi awe dawa ya kivuli, binti atakuwa ametoka chini ya jina la dada na kuingia chini ya jina la mume, na msomaji makini atafunga simu akiwa na uchungu hata kama mwisho una keki na shangwe.

Mfano tutakaoutumia ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Usharika wa Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Aneth ana miaka 26, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya na anafundisha Shule ya Jumapili. Glory, dada yake, ana miaka 30, anafanya kazi Dar es Salaam na bado hajaolewa. Elisante ana miaka 31, mwalimu wa hesabu wa sekondari ya kata, anapiga kinanda kanisani. Wote ni wa kubuni. Wewe weka watu wako na mahali pako, lakini pawe mahali unapojua mvua zake, nauli zake na ibada zake.

Hatua ya 1: Pima urefu na kalenda

Lenga maneno kati ya 28,000 na 30,000, katika sura 24 za maneno 1,200 hivi. Msomaji wa simu humaliza sura ya namna hiyo kwa dakika sita hadi nane, yaani foleni ya benki au safari fupi ya daladala. Ukivuka maneno 1,800 kwa sura, wengi huacha katikati na hawarudi. Ukishuka chini ya 800, huna nafasi ya kujenga tukio na kulimaliza.

Kisha fungua kalenda ya kanisa, maana ndiyo itakayokupa kasi bila kulazimisha. Kwa mfano wetu hadithi inaanza Juni na kuisha Juni inayofuata. Kati yake zimo nguzo tatu: Krismasi, Kwaresima na Pasaka. Krismasi Kilimanjaro inawarudisha watu nyumbani kutoka kila mkoa. Ukoo mzima unakaa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, na hakuna siku ambapo ndugu hulinganishwa zaidi ya hiyo. Kwaresima, tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka, inakupa siku 46 za ukimya, na sharika nyingi hazifungishi ndoa katika kipindi hicho, kwa hiyo hata wahusika wakitaka kukimbia hawawezi. Andika tarehe za matukio kwenye karatasi moja na uibandike unapoandikia. Hadithi nyingi huharibika kwa sababu kuna mahindi mabichi mwezi ambao hayapo, au harusi inafungwa katikati ya Kwaresima bila mtu kushangaa.

Hatua ya 2: Jenga kivuli kwa vitu vidogo

Hapa tutakaa zaidi, kwa kuwa ndipo waandishi wengi huharakisha. Wanaandika "Aneth alijiona hafai mbele ya dada yake" na kuendelea mbele. Sentensi hiyo haimfanyi msomaji aone chochote. Kivuli ni mkusanyiko wa mambo madogo ambayo hakuna aliyeyatenda kwa ubaya, na ndiyo maana hakina mtu wa kulaumiwa.

Anza na majina. Mama yake Aneth, kama mama wengi wetu, anaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza: Mama Glory. Sokoni ni Mama Glory, kwenye jumuiya ni Mama Glory, hata mchungaji akija kuombea wagonjwa anabisha, "Mama Glory, tumefika." Aneth amesikia mama yake mwenyewe akiitwa kwa jina la dada kila siku ya maisha yake. Usilieleze hili kwa msomaji. Liache litokee mara kumi na mbili au zaidi katika sura nane za kwanza, kwa kawaida kabisa, bila Aneth kusema neno. Msomaji aliye mtoto wa pili atalihisi kabla ya Aneth.

Kisha vitu. Chagua vitano tu na uvirudie vikibadilika:

Picha ya mahafali ya Glory sebuleni, katikati ya ukuta, na kalenda ya dayosisi pembeni yake. Picha ya Aneth ipo pia, ndogo, imechomekwa kwenye kona ya fremu hiyohiyo.

Sweta la shule lililorithiwa. Ndani ya kola kuna herufi G iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Imefutwa kwa mstari na A imeandikwa juu yake, lakini kila likifuliwa A hufifia na G hubaki.

Mwalimu wa sekondari aliyeita majina siku ya kwanza na kusema, "Kumbe wewe ndiye mdogo wake Glory! Tunategemea makubwa."

Kiti cha mbele kwenye gari la Glory anapokuja Desemba, ambacho hukalia mama, huku Aneth akikaa nyuma na vifurushi.

Simu ya Jumapili jioni kutoka Dar es Salaam, ambayo hufika kwa Aneth ikiwa imebaki salio la dakika moja.

Chagua pia aina ya kivuli, na uchague moja. Kuna ndugu aliyefaulu, ndugu mrembo, ndugu mgonjwa anayehitaji macho yote ya wazazi, na ndugu aliyefariki ambaye hakosei tena. Kila kimoja kina uchungu wake. Ndugu mgonjwa huleta hatia, kwa sababu huwezi kumwonea wivu bila kujichukia. Ndugu aliyefariki huleta ukimya mezani. Ukichanganya viwili, nguvu hugawanyika. Sisi tumechagua aliyefaulu.

Sasa dada mwenyewe. Glory asiwe mbaya. Dada mbaya ni njia rahisi na inaua kitabu, kwa kuwa tatizo la Aneth lingeisha kwa kuhama nyumba. Glory awe mwema kweli: ndiye aliyelipa ada ya chuo cha Aneth, ndiye aliyeezeka nyumba ya wazazi bati jipya. Mpe mzigo unaolingana na sifa zake. Mtoto wa kwanza aliyefanikiwa haulizwi kama amechoka; anaulizwa ametuma shilingi ngapi. Mpe sura moja nzima, ya 17, asimulie kwa macho yake, akiwa peke yake Dar es Salaam mwezi Januari baada ya Krismasi iliyoharibika. Katika sura hiyo msomaji agundue kwamba Glory naye ana wivu: nyumbani watu humngoja Glory, lakini watoto wa jirani humkimbilia Aneth.

Hatua ya 3: Soma ndugu wa Biblia kabla hujaandika

Hadithi ya Kikristo inayohusu ndugu ina hazina tayari, na wengi huishia kwa Martha na Mariamu. Nenda mbali zaidi. Andrea ni mmoja wa wawili wa kwanza kumfuata Yesu, naye ndiye anayemleta Simoni. Hata hivyo Yohana 1:40 inamtambulisha kama ndugu yake Simoni Petro, na Yohana 6:8 inamtambulisha vivyo hivyo tena, katika tukio lilelile ambalo yeye ndiye anayemwona mvulana mwenye mikate mitano. Kwa binti anayefundisha Shule ya Jumapili, huyo ndiye mtu wake: anayewaleta watoto kwa Yesu akiwa na jina la ndugu yake mgongoni.

Lea na Raheli, Mwanzo 29, wanabeba mambo mawili unayoyahitaji. La kwanza ni aya ya 31 hadi 35, ambapo Lea anazaa wana wanne: watatu wa kwanza anawapa majina yanayomtazama mumewe, akitumaini sasa atapendwa, na wa nne, Yuda, anampa jina la kumsifu Bwana. Huo ndio mwendo wa Aneth katika kitabu kizima, toka kutazama watu hadi kumtazama Mungu. La pili ni aya ya 26, Labani akisema kwao haifanyiki hivyo, mdogo kutolewa kabla ya mkubwa. Iweke akiba. Itarudi siku ya posa.

Usiwataje hawa wote ndani ya riwaya. Mtaje mmoja wazi, labda Andrea katika somo la watoto, na wengine wafanye kazi chini kwa chini.

Hatua ya 4: Jenga urafiki unaoweza kusimama peke yake

Jipime hivi: ukifuta kila dalili ya penzi katika sura kumi za kwanza, je, bado kuna sababu ya watu hawa wawili kuonana? Kama hakuna, huna urafiki, una watu wawili wanaongojea kupendana. Wape kazi ya pamoja. Kwaya yao inajiandaa kwa mashindano ya uimbaji, mazoezi ni Jumatano na Jumamosi jioni, na Elisante anamsaidia mwalimu wa kwaya kufundisha sauti moja moja. Aneth hubaki dakika kumi kufunga madirisha kwa sababu funguo ziko kwake.

Kila urafiki unahitaji mambo manne kwenye karatasi yako kabla ya kuandika: mazoea, deni, ubishi na siri. Mazoea: wanatembea pamoja hadi njia panda, Elisante akisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Deni: Aneth alimuuguza mama yake Elisante wiki mbili alipovunjika mguu, na hakuna aliyelitaja tena. Ubishi: Elisante anaamini watoto wafundishwe nyimbo kwa nota, Aneth anaamini wafundishwe kwa sikio, wabishane kitabu kizima na mshindi asipatikane. Siri ndiyo tutakayoizungumzia katika hatua inayofuata.

Na jinsi wanavyoitana. Mbele ya wazazi Elisante anatoa shikamoo na kusimama hadi aambiwe akae. Akiwa na Aneth anamwita Aneth tu. Yeye peke yake usharikani hamwambii "mdogo wake Glory". Usimwache Aneth alitambue hili mapema. Alitambue sura ya 9, katikati ya jambo jingine.

Tazama jinsi tukio dogo linavyoweza kubeba urafiki, kivuli na penzi kwa mpigo. Ni mnada wa sadaka nje ya kanisa, sura ya 4:

Mzee wa kanisa aliuinua mkungu hadi mishipa ya shingo ikamtoka. "Mshare huu, umekomaa vizuri. Nani anaanza?"
"Elfu nane."
"Kumi," akasema mama mmoja wa jumuiya ya chini.
"Kumi na tano," akasema Elisante, na watu wakageuka, maana walijua anakula kwa mama lishe.
"Haya, kumi na tano, mkungu wa Mama Glory unakwenda kwa mwalimu."
"Ni wa Aneth," Elisante akasema huku akihesabu noti. "Nimemwona akiushusha kwenye toroli."

Hakuna aliyekumbatiwa. Hakuna aliyeona haya. Lakini msomaji sasa anajua jambo ambalo wahusika wenyewe hawajui, na hicho ndicho kinachomrudisha kwenye sura ya 5.

Hatua ya 5: Tafuta kizuizi chenye uzito

Kwa nini watu wanaopendana hawasemi? Hili ndilo swali litakaloamua kama riwaya yako itasomwa hadi mwisho. Kizuizi hafifu ni kile kinachoisha kwa ujumbe mmoja wa simu: amemwona na binamu yake akadhani ni mchumba, barua imepotea, simu imezimika. Msomaji husamehe moja. Ya pili humkasirisha.

Kizuizi chetu ni ile siri. Miaka saba iliyopita, Elisante alimwandikia Glory barua ya kumtaka uchumba, na aliyeipeleka ni Aneth, akiwa na miaka 19. Glory alikataa kwa heshima. Jibu pia lilipitia mkononi mwa Aneth. Sasa, kila Elisante anapomtendea wema, Aneth anajua, kwa ushahidi na si kwa wivu wa bure, kwamba macho hayo yalimtazama dada yake kwanza. Yeye ni Lea. Mazungumzo ya dakika tano hayawezi kuifuta historia hiyo.

Kizuizi kizito kina hatari yake: msomaji naye anaweza kuamini kwamba Aneth ni chaguo la pili. Kuna mambo matatu ya kufanya. Elisante awe ameshaachana na wazo la Glory miaka mingi kabla ya sura ya kwanza, na hilo lionekane kwa tendo: Glory anapokuja likizo ya Agosti, anamsalimia kwa utulivu wa mtu asiye na kidonda na kuendelea kurekebisha waya wa kipaza sauti. Pili, mpe sura mbili za mtazamo wake, ya 10 na ya 13, na katika mojawapo ajue saa ileile moyo wake ulipogeuka. Iwe saa isiyo na urembo: Aneth akimfunga mtoto wa Shule ya Jumapili kamba za viatu huku akiimba sauti ya pili bila kujua kwamba anaimba. Tatu, usimruhusu kamwe kumsifu Aneth kwa kumshusha Glory. "Wewe ni bora kuliko dada yako" ni ulinganisho uleule uliogeuzwa upande, na ukiuandika kivuli kitabaki palepale.

Hatua ya 6: Ramani ya sura 24

Sura ya 1 hadi 4, Juni na Julai: kwaya, nyumba, mnada. Sura ya 5 hadi 9: mazoezi ya mashindano, Glory anakuja Agosti na kuondoka, Aneth anatambua anavyoitwa. Sura ya 10 hadi 14: Elisante anajua, Aneth anahisi na kuogopa, sura ya 12, katikati kabisa, Elisante karibu aseme, halafu mvua inanyesha juu ya bati na neno halisikiki, naye hathubutu kulirudia. Sura ya 11 mtaje mchumba mwingine ukitaka, lakini kwa uangalifu, tutaona chini.

Sura ya 15 na 16 ni Krismasi. Ukoo umekaa, mbuzi amechinjwa, baba mdogo anasimama kumshukuru Glory kwa bati na kusahau kwamba aliyekesha na bibi hospitalini mwaka mzima ni Aneth. Hapa Aneth atende kosa halisi. Amwambie dada yake neno baya mbele za watu, neno ambalo lina ukweli nusu: kwamba anakuja mara moja kwa mwaka kununua upendo. Mhusika mkuu asiyetenda dhambi hawezi kutubu, na hadithi ya Kikristo isiyo na toba inabaki hadithi ya adabu njema. Sura ya 17, Glory peke yake.

Sura ya 18 hadi 20, Kwaresima. Aneth anasafiri kwa basi hadi Dar es Salaam akiwa na jani la isale, ambalo kwa Wachaga ni ishara ya kuomba msamaha, amelifunga kwa gazeti lenye maji ili lisinyauke njiani. Liandike jani hilo kwa karibu: ukingo uliojikunja, matone kwenye mapaja ya sketi, abiria mzee wa kiti cha pili anayeliona, anaelewa na haulizi. Glory akilipokea hahitaji hotuba. Sura ya 20, Jumapili ya Mitende, watoto 43 ambao Aneth amewafundisha wanaingia kanisani wakiimba, kwa sikio bila nota, na kwa dakika nne hakuna mtu usharikani anayemfikiria Glory, hata Aneth. Kivuli kinavunjika hapo, na Elisante hana mkono ndani yake zaidi ya kupiga kinanda.

Sura ya 21, baada ya Pasaka, Elisante anasema. Sura ya 22 hadi 24 tutazieleza katika hatua ya 9.

Hatua ya 7: Imani bila mahubiri

Maombi yasizidi maneno 60, na yawe ya mtu anayezungumza kweli: yakatike, yarudie, yasimame. Aya za Biblia zisizidi nane katika kitabu kizima. Kanuni inayosaidia kuliko zote: aya isitatue jambo katika sura ileile ilimotajwa. Ipandwe sura ya 6, iote sura ya 18.

Mchungaji na mama mchungaji wawepo, lakini wasimalize tatizo. Mama mchungaji amsikilize Aneth huku wakichambua mchele, aulize maswali mawili, kisha waendelee kuchambua. Ukiwapa viongozi hotuba ya ukurasa mzima, msomaji hujua sauti ni yako na huruka mistari.

Jambo moja tuliseme waziwazi kwa sababu linaumiza watu nje ya vitabu. Mwanamume anayemwambia binti, "Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu," anamnyima nafasi ya kukataa, maana atakuwa anamkataa Mungu. Usimpe shujaa wako maneno hayo. Kama una mchumba mwingine wa sura ya 11, mpe yeye, kisha Aneth aende kwa mchungaji na mchungaji amwambie kwamba Mungu akisema na mmoja hajamfunga mwingine mdomo. Elisante atakapozungumza, aseme anachotaka yeye, kwa nafsi yake, na aache mlango wazi.

Hatua ya 8: Utamu wenye mipaka

Mapenzi yenye adabu yanaishi kwa uchache. Panga migusano mitano katika sura 24: vidole vikigusana kwenye kitabu cha nyimbo (sura ya 3), mwavuli mmoja (ya 8), kitambaa cha mkononi kinachotolewa na hakirudishwi (ya 13), mikono kushikana wakiomba na kwaya nzima, ambapo ule wa Aneth unachelewa kuachiwa (ya 16), na mkono ulioshikwa kwa makusudi (ya 21). Busu, ukitaka, liwe nje ya kitabu. Ukiweka migusano kumi na tano, wa kumi na sita hauna maana.

Badala ya kugusana tumia kukumbuka. Elisante anakumbuka kwamba Aneth hali nyanya mbichi, kwamba Jumatano anatoka kazini amechoka, kwamba jina la bibi yake ni Ndeshi. Kwa mtu aliyezoea kutambulishwa kwa jina la mwingine, kukumbukwa ndiyo mahaba yenyewe.

Epuka kuelezea uzuri wa Aneth kwa rangi ya ngozi au umbo, hasa kwa kumlinganisha na dada. Eleza anavyofanya kazi.

Hatua ya 9: Kutoka kutamkiana hadi matangazo

Tukio la kutamkiana liwe fupi, maneno 500 hivi, na lifanyike wakiwa wanafanya jambo: Aneth anafunga madirisha ya kanisa, Elisante anashika tochi. Elisante aanze na barua ya miaka saba iliyopita kabla Aneth hajaitaja. Aneth aulize swali moja gumu. Asijibu papo hapo. Amwambie amuombee siku tatu, na siku tatu zipite kweli kwenye ukurasa.

Baada ya hapo mambo yana utaratibu, na wasomaji wanaujua kuliko mwandishi mvivu anavyodhani. Familia ya mwanamume inatafuta mshenga. Mshenga anapeleka barua ya posa, mara nyingi na kiasi cha pesa ndani ya bahasha. Familia ya binti inakaa, inajibu, mahari inajadiliwa. Wachumba wanakwenda kwa mchungaji, wanapata mafundisho ya ndoa, kisha ndoa inatangazwa kanisani Jumapili tatu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, kwa hiyo riwaya yenye posa Jumapili na harusi Jumamosi inayofuata haitaaminika Tanzania. Kamati ya harusi, michango, kichen pati na sendofu ni bahari nyingine. Ukiingia humo utahitaji sura kumi zaidi, hivyo tunashauri uishie kabla.

Sura ya 22, wazee wamekaa, bahasha iko mezani, baba mdogo anakohoa na kusema kwamba mdogo hawezi kutoka kabla ya mkubwa. Labani amerudi. Ni kizuizi cha mwisho na kina nguvu kwa sababu kinamgusa Glory pia: kila jicho linamgeukia mwanamke wa miaka 30 aliyekaa karibu na mlango wa jikoni. Sura ya 23, Glory anajibu. Asilie wala asitoe somo. Asimame kwa heshima, aombe ruhusa kwa wazee, aseme kwamba hamzuii mtu na asitumiwe kumzuia mtu, kisha achukue sinia la chai na kumpelekea mshenga mwenyewe. Msimamizi wa Aneth atakuwa nani, msomaji ameshajua.

Sura ya 24, Jumapili ya kwanza ya matangazo. Mzee wa kanisa anasoma jina la Aneth kamili, na jina la baba yake, mbele ya usharika uleule uliomwita mdogo wake Glory tangu azaliwe. Funga kitabu kabla ya watu kutoka nje. Harusi haihitajiki.

Hatua ya 10: Kusahihisha na kutoa

Weka mswada kando wiki mbili. Kisha pitia mara nne, kila mara kwa jambo moja.

Mara ya kwanza tafuta jina "Glory" kwenye kompyuta na uhesabu kwa kila sura. Liwe zito sura ya 1 hadi 8, lipungue kuanzia ya 18, na linaporudi ya 23 liwe la mtu, lisiwe tena la kipimo kamwe. Kama idadi haishuki, kivuli hakijavunjika hata kama umesema kimevunjika. Mara ya pili tafuta "moyo", "machozi" na "ghafla". Bakiza moja kwa kila kurasa kumi. Mara ya tatu soma mazungumzo tu, kwa sauti: salamu ziko sawa? Kuna kijana aliyemwita mzee kwa jina tupu? Mara ya nne angalia kalenda dhidi ya karatasi yako.

Wape wasomaji watatu: mtoto wa kwanza, mtoto wa pili au wa tatu, na mwanakwaya. Mtoto wa kwanza atakuambia kama umemwonea Glory, na hiyo ndiyo taarifa ya thamani kuliko zote.

Ukitoa kwa sehemu kwenye simu, toa mara mbili kwa wiki, siku zilezile, na usianze kabla sura zote 24 hazijakamilika, maana wengi hukwama Krismasi, sura ya 15, na wasomaji hawasubiri. Aya zisizidi maneno 80. Ukitaka kuchapa, namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kazi inaweza kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Weka nakala ya faili mahali pengine kabla hujamtumia mtu yeyote.